Daftari la Uongo Baharini

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Leo, ndugu msikilizaji, nauliza: je, daftari likiwepo lakini limeandikwa uongo?

Tuwatazame nyangumi. Katika miaka ya 1860 Mnorwe Svend Foyn alibuni chusa chenye bomu, kinachofyatuliwa kwa mzinga. Mwaka 1925 ikaja meli-kiwanda yenye mteremko nyuma, wa kumvutia nyangumi mzima hadi sitahani. Katika msimu mmoja tu, ule wa 1930/31, nyangumi wa buluu zaidi ya 29,000 waliuawa katika bahari ya Antaktika.

Mwaka 1946 mataifa yalitia sahihi mkataba mjini Washington, na ikaundwa Tume ya Kimataifa ya Nyangumi. Sheria zikawepo, mipaka ikawekwa. Lakini aliyewinda ndiye aliyehesabu.

Siri ilifichuka mwaka 1993. Aleksey Yablokov, mshauri wa Rais Boris Yeltsin wa Urusi, alieleza kwamba meli za Kisovieti zilidanganya kwa miaka mingi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, zilitoa taarifa ya kuua nyangumi wa nundu 2,710 katika bahari za kusini mwa dunia. Kumbe walikuwa zaidi ya 48,000! Mabaharia walipewa bonasi kwa kuvuka lengo la mpango wa serikali. Hakuna aliyewauliza mwakani atabaki nani. Ni pale waangalizi wa mataifa mengine walipoanza kupanda melini, mwaka 1972, ndipo udanganyifu ulipopungua sana.

Uwindaji wa biashara ulisitishwa kuanzia 1986, ingawa si nchi zote zilizotii. Nyangumi wa nundu wameongezeka tena, na kila mwaka, kati ya Julai na Septemba, huonekana pwani ya Kenya na Zanzibar. Wale wa buluu bado ni wachache.

Tusiseme hayo yamepita. Jodari wa Bahari ya Hindi wanavuliwa na meli kubwa za kigeni, na hesabu yao hutegemea sana taarifa za wavuvi wenyewe. Nionavyo mimi, anayeomba leseni ya kuvua katika maji yetu asiulizwe kwanza atalipa kiasi gani. Aulizwe ni nani atakayekaa melini mwake kushika daftari.