Kelele ya Breki na Bei ya Ukimya

Mwaka 1902 mhandisi Frederick Lanchester wa Birmingham, Uingereza, alisajili hataza ya breki ya aina mpya: bamba la chuma linalozunguka pamoja na gurudumu, likibanwa kutoka pande zote mbili. Ndiyo breki ya diski, ambayo leo iko kwenye magurudumu ya mbele ya karibu kila gari dogo. Vipande vya kubana, yaani pedi, alivitengeneza kwa shaba. Shaba ikisugua chuma hulia kwa ukali wa kutoboa masikio, na juu ya hayo vumbi la barabara za enzi hizo liliila upesi. Mwaka huohuo Louis Renault wa Ufaransa alikuja na breki ya drumu, ambayo shuu zake hutanuka ndani ya bakuli la chuma lililofunikwa. Drumu ikashinda, na diski ikakaa pembeni kwa takriban nusu karne.

Vitabu husimulia historia ya breki kama historia ya kusimama: nani alisimamisha gari kwa umbali mfupi zaidi, na mwaka gani. Fundi anayeinamisha sikio karibu na gurudumu anajua kuna historia nyingine, ya kelele, ya watu waliotaka kuinyamazisha, na ya bei iliyolipwa kwa ukimya huo.

Breki za kwanza za magari zilikuwa vipande vya mbao vinavyosukumwa kwenye ukingo wa gurudumu, kama ilivyokuwa kwa mikokoteni ya farasi. Agosti 1888 Bertha Benz alipoendesha gari la mumewe kutoka Mannheim hadi Pforzheim, Ujerumani, safari ya zaidi ya kilomita 100, miteremko ilizila mbao hizo. Alimwendea fundi viatu akamwomba azipigilie ngozi. Hiyo inahesabiwa kuwa lainingi ya kwanza ya breki ya gari. Ngozi ilishika vizuri na haikupiga kelele, ila ilipopata joto iliungua.

Huko Uingereza, Herbert Frood aliendeleza wazo hilohilo. Inasimuliwa kwamba katika vilima vya Derbyshire aliona wakulima wakifunga viatu vikuukuu kwenye breki za mikokoteni ili iteremke salama. Mwaka 1897 akaanzisha biashara ya lainingi, iliyokuja kujulikana kwa jina la Ferodo, herufi za Frood zilizopangwa upya na kuongezwa e ya mkewe Elizabeth. Alianza na nguo iliyolowekwa utomvu. Mwaka 1908 akaingiza asbesto.

Asbesto ilikuwa kama imeumbwa kwa kazi hiyo. Ni jiwe linalochambuka kuwa nyuzi, na nyuzi zake zinafumika kama pamba. Haliungui, halipitishi joto kwa urahisi, tena ni rahisi kununua. Zaidi ya yote, lainingi yake ilikuwa laini kiasi cha kumeza mtetemo kabla haujageuka sauti. Kwa miaka mingi iliyofuata karibu kila gari duniani lilisimama kwa asbesto, na dereva aliyekanyaga breki mara nyingi hakusikia kitu.

Jiwe lenyewe lilitoka sehemu nyingi, Afrika ikiwamo. Kampuni ya Turner & Newall, iliyoichukua Ferodo katikati ya miaka ya 1920, ilimiliki migodi ya asbesto huko Shabani, ambayo leo ni Zvishavane nchini Zimbabwe, na mgodi wa Havelock nchini Swaziland (leo Eswatini), uliofunguliwa mwaka 1939. Waafrika walichimba, viwanda vya Uingereza vikafuma na kubana, kisha lainingi zikarudi Mombasa na Dar es Salaam zikiwa spea ndani ya maboksi.

Hatari haikuwa siri. Nellie Kershaw, aliyesokota nyuzi za asbesto katika kiwanda cha Turner Brothers mjini Rochdale, alifariki mwaka 1924 akiwa na umri wa miaka 33, mapafu yake yakiwa na makovu na chembe za jiwe hilo. Kufikia mwaka 1931 Uingereza ilikuwa imetunga kanuni za kudhibiti vumbi viwandani. Kanuni hizo zililenga viwanda vya asbesto, si gereji za mitaani. Huko, Nairobi kama Manchester, fundi aliendelea kufungua drumu, kuelekeza bomba la kompresa ndani yake na kupuliza. Wingu la kijivu lilimfunika yeye na kijana anayejifunza kazi. Lainingi mpya ilipigiliwa kwenye shuu kwa ribiti, halafu ikapigwa tupa au msasa ili ikae sawa na mviringo wa drumu. Joto la breki huharibu sehemu kubwa ya nyuzi za lainingi iliyokwisha tumika, kwa hiyo kusaga lainingi mpya ndiko kulikokuwa na nyuzi nzima zaidi. Kuna mafundi waliofanya kazi hiyo maisha yao yote bila hata kitambaa puani, na hakuna aliyewaambia. Hilo ni jambo la kuumiza moyo.

Pamoja na asbesto, kelele haikwisha kabisa. Mwaka 1938 mtafiti H. R. Mills aliwasilisha kwa Taasisi ya Wahandisi wa Magari ya Uingereza ripoti kuhusu mlio wa breki, mojawapo ya tafiti za mwanzo kabisa za jambo hilo. Alieleza kwamba msuguano wa lainingi nyingi huongezeka mwendo unapopungua: shuu inanata, inachomoka, inanata tena, mara nyingi sana kwa sekunde moja. Ndivyo upinde wa fidla unavyouimbisha waya kwenye taarab. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtafiti mwingine, R. T. Spurr, akaonyesha kwamba hata msuguano usiobadilika unaweza kuleta mlio, ikiwa kipande kinachobana kimekaa kwa pembe mbaya. Ndiyo maana pedi nzima, za kampuni nzuri, hulia kwenye gari moja na kunyamaza kwenye jingine.

Afrika Mashariki ilikuwa na darasa lake la breki. Rhodesia (leo Zimbabwe) ilipojitangazia uhuru wa walowezi mnamo Novemba 1965, Zambia ilikatiwa njia ya mafuta upande wa kusini. Malori yakaanza kupeleka mafuta kutoka Dar es Salaam kwa barabara ya vumbi na matope ambayo madereva wa kigeni waliipa jina la njia ya jehanamu. Kurudi yalibeba shaba, yakateremka Kitonga mkoani Iringa yakiwa na mzigo mzito mgongoni. Drumu ikipata moto hutanuka na kujitenga na shuu, na lainingi yenyewe hupoteza mshiko. Pedali inazama, na mara nyingi hakuna mlio wowote wa kuonya. Kinachotangulia ni harufu. Kanuni ya madereva wa masafa, kwamba mlima ushukwe kwa gia uliyopandia, inatokana na elimu ya namna hiyo, na bado inaokoa maisha.

Diski nayo ilirudi. Mwaka 1953 Jaguar ilishinda mbio za saa 24 za Le Mans kwa magari yenye breki za diski, na mwaka 1955 Citroën DS ikazifikisha kwa mnunuzi wa kawaida. Diski hupoa haraka kwa kuwa iko wazi, lakini uwazi huohuo unaifanya ilie kama kengele ikitikiswa.

Kisha asbesto ikaanza kuondolewa. Uingereza iliipiga marufuku mwaka 1999, Umoja wa Ulaya wote ukafikia hapo mwaka 2005, Afrika Kusini mwaka 2008. Nafasi yake ilichukuliwa na pedi zenye unga na nyuzi za chuma, ambazo ni ngumu zaidi na zina kelele zaidi, na baadaye zile za kauri zilizo tulivu lakini ghali. Mteja aliyezoea ukimya akarudi gereji kulalamika kwamba pedi mpya ni feki. Feki zipo, tena nyingi. Hata hivyo mlio mwembamba wa pedi salama ni afadhali mara mia kuliko ukimya wa ile ya zamani.

Mabadiliko hayo yamemwachia fundi kazi ya kutofautisha sauti, na fundi mzuri huanza kwa kuuliza. Inalia ukikanyaga, au ukiachia? Ya asubuhi tu baada ya mvua ni kutu nyepesi juu ya diski, na huisha baada ya kusimama mara chache. Inayolia gari likitembea na kunyamaza ukigusa pedali, mara nyingi ni ulimi mdogo wa chuma uliowekwa kwenye pedi makusudi, uguse diski pedi inapobaki milimita mbili au tatu. Kuukata ulimi huo kunaondoa kelele na kubakiza hatari. Mlio mwembamba wa kukanyaga taratibu huashiria uso wa pedi uliong'aa kwa joto, au pini za kalipa, yaani kibano kinachoshika pedi, zilizokauka grisi. Grisi hiyo inakaa kwenye pini na mgongoni mwa pedi. Uso wa pedi usiguswe na mafuta ya aina yoyote. Kwenye barabara za changarawe, ukwaruzo mkali usiokoma huenda ukawa kijiwe kilichonasa kati ya diski na bati la kuikinga. Drumu hupimwa kwa kuining'iniza na kuigonga: nzima inaita, yenye ufa inatoa sauti butu.

Mngurumo mzito wa chuma kusaga chuma hauhitaji maswali. Pedi imekwisha, diski inaliwa, na gari hilo lisiendeshwe hadi nyumbani.

Magari ya umeme yameongeza sura nyingine. Mota yake hupunguza mwendo yenyewe huku ikirudisha umeme kwenye betri, hivyo pedi hukaa muda mrefu bila kuguswa na diski inashika kutu. Volkswagen ilipotoa ID.4 mwaka 2020 iliiwekea drumu magurudumu ya nyuma, kwa sababu drumu iliyofunikwa haipati shida hiyo. Vumbi nalo linafuatiliwa upya: kanuni za Euro 7, zilizopitishwa Ulaya mwaka 2024, zimeweka kwa mara ya kwanza kikomo cha chembe zinazotoka kwenye breki, miligramu 7 kwa kilomita kwa magari madogo mengi na miligramu 3 kwa yale ya umeme tupu.