Mhudumu wa Karamu Mjini Babati: Majukumu, Ujira na Haki Zake Kisheria

Na Mwandishi Wetu, Babati

Sherehe ya harusi inapofungwa usiku katika ukumbi wa hoteli mjini Babati, wageni huondoka wakizungumzia chakula, muziki na nasaha za wazee. Wanaobaki ni wahudumu, vijana wa kike na wa kiume waliovaa mashati meupe na suruali au sketi nyeusi, wakikusanya sahani, kuhesabu glasi na kurudisha chupa tupu kwenye kreti. Kwa wengi wao kazi hiyo ni ya mwito. Huitwa panapokuwa na shughuli na hulipwa kwa siku. Hapo ndipo maswali huzuka. Saa za usiku zinalipwaje? Glasi iliyovunjika inalipwa na nani? Je, anayeitwa kwa siku analindwa na sheria ya kazi?

Makala hii inaeleza kazi ya mhudumu wa karamu pamoja na haki na wajibu wake chini ya sheria za kazi za Tanzania Bara. Jambo la msingi la kufahamu ni kwamba kuitwa kwa siku hakumwondoi mfanyakazi katika ulinzi wa sheria.

Babati na shughuli zake

Mji wa Babati umekuwa makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipoanzishwa mwaka 2002 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Arusha. Mkoa una wilaya 5, ambazo ni Babati, Hanang, Kiteto, Mbulu na Simanjiro, na vikao vya kimkoa huwakutanisha Babati watumishi na wadau kutoka wilaya zote. Mji upo kwenye njia kuu inayounganisha Arusha, Singida na Dodoma. Barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, yenye urefu wa kilomita 251, ilizinduliwa mwaka 2018. Hifadhi ya Taifa ya Tarangire nayo ipo jirani, upande wa njia iendayo Arusha.

Oktoba 14, 2023, Uwanja wa Kwaraa mjini hapa ulikuwa mwenyeji wa kilele cha Mbio za Mwenge wa Uhuru, tukio lililoleta wageni kutoka mikoa mbalimbali. Shughuli za kitaifa za aina hiyo huja mara moja moja. Zilizo za kawaida ni harusi, sherehe za kumuaga bibi harusi, ubatizo na kipaimara, mahafali, semina na mikutano ya taasisi. Zote huhitaji watu wanaojua kupanga ukumbi na kuhudumia mamia ya wageni kwa muda mfupi.

Kazi yenyewe

Mhudumu wa karamu hutofautiana na mhudumu wa mgahawa. Katika mgahawa wageni huja mmoja mmoja na kila mmoja huagiza chake. Katika karamu wageni huketi kwa pamoja, hula kwa saa moja na husubiri ratiba ya mshereheshaji. Kuchelewa kwa meza moja huchelewesha hotuba, zawadi na keki.

Kazi huanza saa kadhaa kabla ya wageni kuingia. Wahudumu hupanga meza na viti, hutandika vitambaa, hufuta glasi na kuhesabu vyombo pamoja na msimamizi. Kila mmoja hukabidhiwa meza zake. Wageni wakishaketi, meza kuu huhudumiwa kwanza, kisha wazee na wageni waalikwa, halafu meza nyingine kwa zamu. Pale chakula kinapopangwa kwa wageni kujipakulia, wahudumu husimama nyuma ya meza ya chakula ili kugawa nyama na kuzuia msongamano. Wengine hupita na birika, beseni na sabuni kuwanawisha wageni mikono.

Vinywaji ndilo eneo linalohitaji hesabu makini zaidi. Kreti zinazotoka stoo huandikwa, na chupa tupu hurudi kwa idadi ileile. Mhudumu mwenye uzoefu hupokea na kukabidhi kwa maandishi, kwa kuwa upotevu hujitokeza mwishoni, wakati kila mtu amechoka na kumbukumbu zimepungua.

Nani ni mwajiri?

Katika sherehe moja wanaweza kuwapo mwenye ukumbi, mtoa huduma ya chakula na kamati ya harusi, na kila mmoja akadhani mwenzake ndiye atakayewalipa wahudumu. Kabla ya kuanza kazi, mhudumu anapaswa kufahamu aliyemwajiri ni nani, atalipwa kiasi gani, lini na kwa njia ipi. Makubaliano yaliyoandikwa, hata kwa ujumbe wa simu, ni ushahidi unaoweza kusaidia baadaye.

Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya mwaka 2004 inaweka vigezo vya kumdhania mtu kuwa ni mwajiriwa, bila kujali mkataba wake umeitwaje. Miongoni mwavyo ni kufanya kazi kwa maelekezo au udhibiti wa mtu mwingine, kupangiwa saa za kazi, kupewa vitendea kazi, au kumfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita. Kigezo kimoja tu kikiwapo, mfanyakazi hudhaniwa kuwa mwajiriwa hadi ithibitishwe vinginevyo. Mhudumu anayepangiwa meza, saa na sare na msimamizi wa hoteli hutimiza zaidi ya kigezo kimoja.

Vilevile, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004 inamtambua mfanyakazi anayeitwa mara kwa mara na mwajiri yuleyule. Iwapo jumla ya muda aliomfanyia kazi ndani ya mwaka inazidi miezi 6, anastahili likizo yenye malipo kwa mujibu wa sheria hiyo.

Saa za kazi na hesabu ya ujira

Kima cha chini cha mshahara katika sekta binafsi hupangwa kwa Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara inayotolewa na Waziri mwenye dhamana ya kazi. Amri hiyo hutaja viwango vya sekta ya hoteli kulingana na aina ya biashara, na huvigawanya kwa saa, siku, wiki na mwezi. Hivyo mfanyakazi wa siku moja naye ana kiwango chake. Bakshishi anayotoa mgeni ni hiari yake na haimwondolei mwajiri wajibu wa kulipa ujira kamili.

Kuhusu muda, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inaelekeza yafuatayo:

- Saa za kawaida za kazi hazizidi 9 kwa siku, 45 kwa wiki na siku 6 kwa wiki.
- Saa za ziada hufanywa kwa makubaliano, hazizidi 50 katika kipindi cha wiki 4, na hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya ujira wa msingi.
- Pamoja na saa za ziada, kazi haipaswi kuzidi saa 12 kwa siku.
- Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi huongezewa angalau asilimia 5 ya ujira wa msingi kwa kila saa.
- Anayefanya kazi kwa zaidi ya saa 5 mfululizo hupewa mapumziko ya angalau dakika 60.
- Kazi ya sikukuu ya kitaifa hulipwa mara mbili ya ujira wa msingi kwa kila saa.

Tuchukue mfano wa hesabu tu, ambapo ujira wa msingi ni shilingi 1,500 kwa saa. Mhudumu anaanza kazi saa 8 mchana, anapumzika saa 1 hadi saa 2 usiku, kisha anaendelea hadi saa 6 usiku. Amefanya kazi saa 9, sawa na shilingi 13,500. Saa 4 kati ya hizo ni za usiku, na nyongeza ya asilimia 5 ni shilingi 75 kwa kila saa, yaani shilingi 300. Stahili yake ni shilingi 13,800.

Sherehe ikiendelea hadi saa 8 usiku, zinaongezeka saa 2 za ziada. Kila moja ni shilingi 2,250, na kwa kuwa ni za usiku huongezewa asilimia 5 ya kiwango hicho, hivyo kuwa shilingi 2,362.50. Saa hizo 2 ni shilingi 4,725, na jumla ya stahili yake inakuwa shilingi 18,525. Mhudumu anayelipwa kiasi kilekile sherehe iishe saa 6 au saa 8 anapoteza zaidi ya robo ya haki yake.

Sheria pia inataka kuwe na mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuanza tena, isipokuwa katika mazingira maalumu yaliyokubaliwa kwa maandishi. Kwa kawaida, aliyemaliza karamu saa 8 usiku hapaswi kupangiwa kuandaa kifungua kinywa alfajiri ileile.

Vyombo vilivyovunjika

Katika karamu ya mamia ya watu, kuvunjika kwa glasi ni jambo la kawaida. Mwajiri haruhusiwi kukata tu malipo ya wahudumu wote ili kufidia. Makato ya hasara yanaruhusiwa pale tu hasara ilipotokea kazini kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Mwajiri anapaswa kwanza kumpa maelezo ya maandishi kuhusu sababu, kiasi cha deni na jinsi kilivyokokotolewa, na kumpa nafasi ya kujitetea. Deni halipaswi kuzidi hasara halisi, na makato hayapaswi kuzidi robo ya ujira wake.

Mhudumu naye ana wajibu wa kutunza mali aliyokabidhiwa. Kuhesabu vyombo wakati wa kupokea na kukabidhi humlinda yeye pamoja na mwajiri.

Afya, usalama na heshima

Washika chakula wanatakiwa kupimwa afya, na Maafisa Afya wa Halmashauri hukagua maeneo ya huduma. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula cha moto kitunzwe katika zaidi ya nyuzi joto 60 za Selsiasi, na chakula kilichopikwa kisiachwe katika joto la kawaida kwa zaidi ya saa 2. Hotuba zinaporefuka, ushauri huu ndio husahaulika mapema.

Anayeungua kwa chakula au kuteleza ukumbini akiwa kazini amepata ajali ya kazi. Fidia hutolewa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ambao huchangiwa na mwajiri pekee. Mfanyakazi hakatwi chochote. Aidha, unyanyasaji wa kijinsia mahali pa kazi umekatazwa. Ajira ya mtoto wa chini ya miaka 14 hairuhusiwi kabisa.

Mafunzo na urasimishaji wa ujuzi

Wanaotaka kusomea huduma za vyakula na vinywaji wanaweza kujiunga na Chuo cha Taifa cha Utalii, chenye kampasi Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, au Chuo cha VETA cha Hoteli na Utalii kilichopo Njiro, Arusha. Aliyejifunza kazini bila kupita chuoni anaweza kuuliza VETA kuhusu utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Utaratibu huo humpima kwa anachoweza kufanya na kumpatia cheti.

Mahali pa kupeleka malalamiko

Hatua ya kwanza ni kuzungumza na mwajiri au msimamizi, ikiwezekana pamoja na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Katika sekta hii kipo chama cha CHODAWU. Suala lisipotatuliwa, mfanyakazi anaweza kufika Ofisi ya Kazi au kuwasilisha mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) kwa kujaza fomu maalumu. Mgogoro wa kuachishwa kazi isivyo halali huwasilishwa ndani ya siku 30, na migogoro mingine, ikiwamo ya ujira usiolipwa, ndani ya siku 60. Anayechelewa hulazimika kwanza kuomba kuongezewa muda kwa kueleza sababu za msingi.

Kwa sababu hiyo, mhudumu anashauriwa kutunza daftari dogo lenye tarehe ya kila shughuli, jina la mwajiri, saa ya kuanza na kumaliza, kiasi kilichokubaliwa na kiasi kilicholipwa. Kumbukumbu hizo ndizo zitakazoonyesha saa alizofanya kazi na stahili yake, endapo yatatokea mabishano.