Mashine ya Chini ya Sinki na Uvundo Uliohama

Mnamo 1927 John W. Hammes, msanifu majengo wa Racine katika jimbo la Wisconsin nchini Marekani, alibuni mashine ya kufungwa chini ya sinki, ambayo husaga mabaki ya chakula yakawa rojo na kuyapeleka kwa maji hadi kwenye mabomba ya majitaka. Hataza yake, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ilitolewa mwaka 1935. Kabla ya hapo mabaki yalikaa kwenye ndoo yakimngoja mzoa taka au mfugaji wa nguruwe, huku yakivutia nzi. Mji wa Jasper, Indiana, uliikumbatia mashine hiyo mwaka 1950 ili uachane na ndoo hizo, ilhali New York, kwa kuhofia mifereji yake ya zamani, iliipiga marufuku katika sehemu kubwa ya jiji hadi 1997.

Uvundo, hata hivyo, haukutoweka bali ulihama. Hewa chafu ya mtaroni ilikuwa imekwisha kupatiwa dawa mwaka 1775, pale Alexander Cumming, fundi saa wa London, alipopata hataza ya choo chenye bomba lililopinda, ambalo hubakiza maji yanayoziba njia ya hewa hiyo. Lakini mpindo huo, ambao sinki nazo zilikuja kuupata, uko chini ya mashine, na kinachooza kiko juu yake: utando wa mafuta na chembe za chakula kwenye kuta za chumba cha kusagia, na hasa upande wa chini wa mpira wa mdomoni, ambamo bakteria hustawi na kutoa gesi zenye salfa.

Maganda ya limau, yanayosifiwa sana, huufunika uvundo huo kwa muda tu. Kumwaga dawa ya kusafishia yenye klorini kisha siki ni kosa kubwa zaidi, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ileile iliyotumiwa kama silaha vitani huko Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Njia salama haina makuu: umeme hukatwa kwanza, mpira ukasuguliwa pande zote kwa brashi na sabuni, na baada ya umeme kurudishwa mashine huendeshwa kwa maji mengi ya baridi, bila mkono kutiwa ndani hata mara moja.