Uani wa Kariakoo: Je, Ulikuwa Ujamaa?

Kila tunapofundisha historia ya makazi ya mijini, hutokea mwanafunzi anayesema kwamba nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo ilikuwa ujamaa kabla ya Azimio la Arusha. Watu wa makabila mbalimbali waliishi chini ya paa moja, wakatumia uani mmoja, choo kimoja na baraza moja. Hoja hii inapendeza, lakini haitoshi. Ni lazima kwanza tuulize nyumba ilikuwa ya nani.

Kariakoo haikutokana na hiari ya wakazi wake. Wajerumani walianza kuugawa mji kwa aina ya nyumba; Waingereza, waliouteka mwaka 1916, wakaendeleza ubaguzi huo kwa kanda tatu: Wazungu upande wa bahari, biashara ya Wahindi katikati, Waafrika Kariakoo na Ilala. Mnazi Mmoja uliachwa wazi makusudi ili kuwatenga. Hata jina lenyewe ni kumbukumbu ya unyonyaji, maana latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza.

Katika viwanja hivyo Mwafrika alijenga nyumba aliyoijua: kuta za fito na udongo, ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, na nyuma uani wenye jiko, bafu na choo cha shimo. Mwenye nyumba, na baadhi yao walikuwa wanawake, mara nyingi alikaa humo humo na kupangisha vyumba vilivyobaki. Kufagia kulikwenda kwa zamu. Mtoto wa chumba cha mwisho alilelewa na macho ya uani mzima. Msiba wa mpangaji ulikuwa msiba wa nyumba, na mkeka ulitandikwa barazani bila kuuliza kabila. Lakini tutazame vizuri: meko yalikuwa mengi. Kila chumba kilikuwa na jiko lake la mkaa, sufuria zake na debe lake la maji. Kilichoshirikiwa ni nafasi na shida. Kodi ilikwenda kwa mmoja. Na choo kilipojaa, ugomvi wake haukuwa wa nadharia hata kidogo.

Hata hivyo tusiudharau uani. TANU, iliyozaliwa tarehe 7 Julai 1954, ilikua katika mitaa hii. Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji katika kikundi cha ngoma cha Bomba, aliwafikia wanawake wa mjini kupitia vikundi vya namna hiyo. Mshikamano huo ulikuwa wa kweli, ingawa msingi wake wa kiuchumi ulikuwa mwenye nyumba na mpangaji.

Mgongano ulijitokeza mwaka 1967. Azimio la Arusha lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Kwa kiongozi mwenye vyumba sita Kariakoo, sharti hilo halikumhusu bepari wa mbali. Liligusa kodi anayonunulia unga. Kisha sheria ya Aprili 1971 ikataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya shilingi 100,000 au zaidi, yakawa chini ya Msajili wa Majumba hadi ofisi hiyo ilipounganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Nyumba ya udongo haikulengwa. Tunaona hilo lilikuwa sahihi: mjane mwenye vyumba sita si wa tabaka moja na mwenye maghorofa. Kasoro ni kwamba ushirika wa nyumba haukuota mizizi uani, mahali ambapo watu walikwisha kuzoea kuishi pamoja.

Mwaka 1991, Zanzibar, masharti ya uongozi yalilegezwa. Maghorofa yamemeza nyumba nyingi za Kiswahili, fremu za maduka zikachukua mahali pa baraza. Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo na kuua watu. Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inawapa wenye sehemu chama cha kusimamia mali yao ya pamoja, kama vile ngazi na paa. Ni chama cha wenye hati. Mpangaji, aliyekuwa akifagia uani kwa zamu, hayumo.