Safu ya Lugha: Kura ya maoni si marudio

Hapa Kenya, kila wanasiasa wanapotaka Katiba ibadilishwe, chai hupoa huku watu wakidai "marudio ya refarendamu", yaani ya kura ya maoni. Pole pole, jamani. Marudio ni kufanya upya jambo lililobatilika. Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi wa urais wa Agosti 2017, tulirudi vituoni Oktoba 26. Hayo ndiyo marudio. Kura ya maoni ya Agosti 4, 2010, iliyopitisha Katiba, haijafutwa na yeyote. Anayetaka kuugeuza uamuzi wa kura hiyo anaomba kura mpya ya maoni. Hata ile ya 2010 haikuwa marudio ya ile ya Novemba 2005, yenye alama za ndizi na chungwa: rasimu ya Katiba ilikuwa nyingine.

Kura ni neno la asili ya Kiarabu, lenye maana ya kubahatisha ili kugawa au kuchagua. Likiungana na maoni, kwetu Kenya humaanisha raia kuamua wenyewe suala la taifa. Kwa jirani zetu wa Tanzania, kura za maoni ni pia mchujo wa wagombea ndani ya chama. Na zile asilimia za umaarufu wa wanasiasa magazetini? Huo ni utafiti wa maoni, haumfungi mtu.

Kukusanya saini za kuomba kura ya maoni nako si kupiga kura. Okoa Kenya, kampeni ya kubadilisha Katiba, ilikwama mwaka 2016 tume ya uchaguzi iliposema saini halali hazikutimia milioni 1. Basi, unayedai mabadiliko, sema "kura mpya ya maoni". Marudio waachie majaji.