Unahama na Tangi la Samaki wa Bahari? Hivi Ndivyo Watafika Wakiwa Hai

Kuhama keja Nairobi ni noma hata kama una godoro na sufuria pekee. Sasa ongeza tangi la maji ya chumvi, Nemo wawili na matumbawe yaliyokula chapaa yako. Ukijipanga, samaki watavumilia safari. Hatari kubwa ni wiki ya kwanza kwa keja mpya.

Sababu ni hii: samaki hutoa amonia, na amonia ni sumu kwao. Bakteria wanaoimaliza wanaishi kwa mawe na kwa filta, si sana kwa maji. Kwa hivyo kazi yako si kubeba samaki tu. Ni kuhamisha hao bakteria wakiwa wazima.

Kabla ya siku ya kuhama

Changanya maji mapya siku moja mapema ukitumia chumvi ya akwariamu, si ya kupikia. Lenga kipimo cha 1.025. Maji ya mfereji yana klorini, kwa hivyo itoe kwanza. Tafuta mitungi safi ya lita 20 ambayo haijawahi kuona sabuni wala mafuta. Usilishe samaki saa 24 za mwisho, wasije wakachafua maji njiani. Na uhakikishe keja mpya iko na tokeni za stima.

Siku yenyewe

1. Zima hita uiache ipoe dakika 20 hivi kabla ya kutoa maji. Ikiachwa nje ya maji ikiwa moto, inaweza kupasuka.

2. Chota maji safi ya juu kabla hujasumbua mchanga. Okoa kama robo tatu.

3. Weka mawe na sponji ya filta kwa ndoo zenye maji ya tangi. Usiyasugue wala kuyaosha na maji ya mfereji, utaua bakteria. Matumbawe yapate ndoo yao.

4. Mawe yakishatoka, kushika samaki ni rahisi. Kila mmoja apate mfuko wake: theluthi moja maji, iliyobaki hewa. Waweke kwa boksi lenye kifuniko, giza huwatuliza.

5. Mchanga usiuonee huruma. Ule wa zamani hujaza uchafu, na chini kunaweza kuwa na gesi yenye harufu ya mayai yaliyooza, ambayo ni sumu. Uoshe hadi maji yatoke safi ama ununue mpya.

6. Tangi libebwe tupu. Lita 100 za maji ni zaidi ya kilo 100, na uzito huo ukicheza njiani gundi ya vioo inaachia.

Mafundi wa pikapu wabebe sofa, samaki wakae na wewe. Hama asubuhi. Ijumaa jioni ya mwisho wa mwezi, Mombasa Road haina huruma na mtu.

Ukifika

Tangi lipangwe kabla ya kitanda. Liweke mahali palipo sawa, weka mchanga, mawe na maji ya zamani, ujazie na mapya, kisha uwashe hita na pampu. Joto likifika nyuzi 25, elesha mifuko dakika 20, halafu uongeze maji ya tangi kwa mfuko kidogo kidogo. Toa samaki na kikapu cha wavu, maji ya mfuko umwage nje. Taa zisiwake usiku huo.

Wiki nzima pima amonia kila siku na ulishe kidogo. Ikipanda, badilisha robo ya maji siku hiyo hiyo. Na mabeste wakija kucheki keja mpya, usiongeze samaki ndio uwabambe. Bakteria wako bado wanazoea mtaa.