Bei ya Haki: Mfano wa Kahawa ya Kilimanjaro

Leo tutazungumza habari ya bei. Mtu mwenye mali akijiwa na wanunuzi mbalimbali, atajuaje bei ya haki? Tutajifunza kwa historia ya kahawa ya Kilimanjaro.

Mwishoni mwa karne ya 19 wamisionari Wakatoliki walipanda mibuni huko Kilema. Baadaye Wachagga wengi waliipanda katika vihamba vyao, kati ya migomba.

Wahenga walisema, kizuri chajiuza. Lakini mfikirini mkulima auzaye peke yake. Yeye hajui bei ya mjini Moshi, wala ya London, mnunuzi anaijua. Mkulima anataka fedha za kodi leo. Mnunuzi aweza kungoja. Basi majirani wawili wenye kahawa iliyo sawa hupata bei mbili. Aliye na shida zaidi hupata kidogo zaidi. Hiyo si haki.

Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, K.N.P.A., na kiongozi wake alikuwa Joseph Merinyo. Mwaka 1933 mahali pake pakashikwa na chama cha ushirika, K.N.C.U. Kahawa ya wengi ilikusanywa, ikapimwa, ikauzwa pamoja. Mkulima alipewa malipo ya kwanza alipoleta kahawa yake. Ilipokwisha kuuzwa na gharama kutolewa, alipewa malipo ya pili ikiwa fedha zimebaki.

Lakini palitokea neno. Wachagga waliamriwa kuuza kahawa yao yote kwa njia ya chama hicho tu. Bei iliposhuka walinung'unika, na mwaka 1937 zikatokea ghasia. Watu walitaka ruhusa ya kuchagua mnunuzi. Mtu akikatazwa kulinganisha bei, atakitilia shaka hata chama chake mwenyewe.

Baadaye Moshi ikawa na mnada wa kahawa. Wanunuzi walipewa sampuli, wakaionja kahawa, kisha wakashindana. Aliyetaja bei kubwa kuliko wenzake ndiye aliyeichukua. Hapo kahawa ya wengi iliwekwa mbele ya wanunuzi wengi, na bei ilitajwa wazi.

Katika miaka ya 1990 wafanyabiashara binafsi waliruhusiwa kununua kahawa vijijini. Swali la zamani likarudi mlangoni kwa mkulima.

Basi, bei ya haki si lazima iwe moja kwa wote. Kahawa bora ina bei yake. Alipaye taslimu leo si sawa na aahidiye kulipa baada ya miezi mitatu. Lakini tofauti itoke katika mali na masharti, isitoke katika shida ya muuzaji. Kabla ya kukubali, uliza bei ya mnada, uliza gharama, tena sikia mnunuzi wa pili anasemaje.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini auzaye peke yake hupunjwa kwa urahisi?
2. Wakulima walidai nini mwaka 1937? Je, walikuwa na haki?